Hodi Kwenye Ua wa Rada

Wifi yangu Mwanakombo alikuwa amebakiza siku chache ale kiapo cha uraia, akaamua kwenda kurekodi mngurumo wa rada ya kijeshi huko Aktiki, kaskazini kabisa ya dunia. Yeye ni msanii wa sauti. Alitaka watu wa Saint Paul wakae gizani wausikie mtambo unaochunga anga ili kombora likipitia juu ya barafu lionekane mapema. Kaka yangu Salim hakutaka mkewe aende peke yake. Mimi niliwahi kuandika habari Mombasa kabla ya kazi ya hospitali hapa Maplewood, basi mzigo ukanifikia: "Dada, mrudishe bila kesi." Siku ya kiapo mtu huulizwa kama tangu usaili amewahi kushikwa na askari. Jibu la ndiyo lingeweza kusimamisha kila kitu.

Alfajiri Salim alitushusha uwanja wa ndege wa Minneapolis. Tulibadili ndege Anchorage, kisha kindege kidogo kikatutua kwenye kijiji cha ufukweni, ambako bahari imeganda hata huioni inapoanzia. "Hii nayo ni pwani?" Mwanakombo aliuliza. "Mama akiona picha atasema nimetapeliwa."

Kijijini, mwenyeji wetu alikuwa Agnes, mama wa Kiinupiati, kabila la wenyeji wa huko, anayechonga mifupa ya nyangumi. Mwanakombo alikwisha kuwasha kinasa sauti chake. Tukabisha hodi, tukarudi nyuma hatua mbili tatu, tukangoja tukaribishwe, kama tulivyolelewa. Kimya. Tukabisha tena. Kope zilikuwa zimeanza kushikana kwa barafu Agnes alipofungua, uso umemshuka, akauliza nani amekufa.

"Hapa watu huingia tu," alituambia tulipokwisha kuvua makoti. "Anayesimama nje ameleta msiba, au katumwa na serikali."

Tulicheka, akatupa supu. Kuhusu rada, alisema barabara inayopita nje ya ua hutumiwa na wanakijiji wote. Twende moja kwa moja hadi getini, tubonyeze kengele, tuseme shida yetu.

Kesho yake, kwa gari la Agnes, tulikifikia kituo: kuba kubwa jeupe juu ya kilima, ua wa waya, wala hapana mtu. Mngurumo wake niliuhisi kwenye meno. Hatukwenda getini. Tuliona haifai kumvamia mtu kwake, tukasimama kando ya barabara tungoje watuone, watoke. Mwanakombo akachomeka maikrofoni yenye manyoya kwenye theluji, kujaribu tu. Tukaanza kubishana nani atangulie kusalimia.

Gari likaja kutoka nyuma yetu. Mlinzi alishuka, mkono mmoja kwenye redio ya mfukoni, akauliza tunamngoja nani. Nikamjibu kwamba tunangoja mtu atoke atukaribishe. Kwa Kiingereza maneno hayo hata mimi sikuyaamini.

Alichukua pasipoti zetu, kisha kinasa sauti, akasikiliza. Ghafla akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akanivisha mimi vile visikilizio vya masikioni. Alitaka kujua kwa nini mwenzangu anasema bomu. Akataka nitafsiri, neno kwa neno.

Mwanakombo alinitazama. Ningeweza kulirembesha lile neno. Lakini nilijua kwamba baada yangu angeweza kutafutwa mtu mwingine ajuaye Kiswahili, na uongo wangu ungekuwa ndiyo kesi yenyewe. Nikatafsiri yote.

"Nenda wewe, ndiwe mkubwa."

"Nenda wewe mwenye shida."

"Mimi siendi. Wakinirushia bomu, Salim ataoa mwingine."

"Ataoa hata wasipokurushia."

Mlinzi hakucheka. Aliuliza Salim ni nani, akajibiwa. Aliuliza tumefikia kwa nani, akamwita Agnes kwa redio, ambayo kule kila nyumba inayo. Tulingoja katika upepo ule. Mwishowe sauti ya Agnes ikatoka: "Ni wale wanawake wawili? Hata kwangu walisimama nje."

Mlinzi akaturudishia pasipoti. Akataka rekodi ya siku hiyo ifutwe mbele yake. Mwanakombo akaifuta, mngurumo na yote, kisha akauliza polepole, "Umetushika?"

"Sikuwashika. Niliwauliza maswali. Haya, ondokeni."

Njia nzima ya kurudi Minneapolis Mwanakombo aliyakariri maneno hayo kama dua. Siku ya kiapo alimweleza ofisa mambo yote bila kupunguza. Ofisa akaenda kuuliza ndani, akakawia, akarudi, akamwonyesha kiti chake kati ya wanaoapa. Salim, aliyekaa karibu nami, alikuwa ameiviringisha kofia yake hadi ikapoteza umbo.

Kwetu, anayesimama nje ana adabu. Kule, kuna mtambo mzima uliojengwa kwa kumhofia anayesimama nje. Hilo nilikwenda nalo kwenye maonyesho ya Saint Paul, maana Mwanakombo alikuwa amebaki na rekodi moja tu: sisi mlangoni kwa Agnes. Tulikaa gizani. Hodi. Upepo. Hodi. Upepo mrefu zaidi. Watu wakaanza kujigeuzageuza vitini.

Kisha nyuma kabisa, mtu nisiyemjua akaitika, "Karibu."