Chozi la Gazetini

Miaka ya sabini, dada yangu mkubwa alipoamua kugombea ubunge, alikuwa mwalimu mkuu huko Elburgon. Ilibidi ajiuzulu kwanza. Mimi nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Nakuru, na likizo ile nilipanda kwake kumsaidia kampeni.

Mkutano wake mkubwa ulifanyika uwanjani, karibu na kiwanda cha mbao. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzungumzia barabara, lori likasimama pembeni na vijana wakaruka chini wakiimba jina la mpinzani wake. Kisha mawe. Moja lilimpasua dada juu ya jicho. Nilimshika mkono tukatoka. Damu ilikuwa imefika kwenye kola, lakini hakulia. Aliniuliza tu mbona nimevaa kiatu kimoja.

Kesho yake nilinunua gazeti. Kichwa cha habari kilisema vurugu zimezuka mkutanoni. Chini yake waliandika kwamba watu kadhaa walijeruhiwa. Kwamba mgombea, mama wa watoto watatu, aliondolewa akilia. Na kwamba mpinzani wake, mwanasiasa mkomavu, alihimiza amani.

Dada alisoma kwa jicho moja, lile lingine likiwa chini ya bandeji.

"Zimezuka," alisema. "Kama uyoga. Lori halipo, vijana hawapo, mawe hayana aliyeyatupa. Mwenye kufanya kitu hapa ni mimi peke yangu. Nimelia."

"Na yule ana watoto tisa," nikasema. "Mbona hawakuandika baba wa watoto tisa?"

Hakucheka. Siku iyo hiyo tulishuka Nakuru kumtafuta mwandishi wa habari ile, tukamkuta hotelini akinywa chai. Alipoiona bandeji alisimama.

"Madam, lori niliandika," alisema. "Na vijana niliandika. Mhariri alikata."

"Na kulia?"

Alikoroga chai ambayo ilikuwa imekorogwa tayari. "Hiyo ni yangu. Nilifikiri watu watakuonea huruma, wakupigie kura."

"Ungeniuliza," dada alisema, tukaondoka.

Shule zilipofunguliwa niliandika kichwa kile cha habari ubaoni, nikawauliza wanafunzi ni nani aliyetenda. Msichana mmoja alijibu, "Vurugu, mwalimu." Nilimwambia amepata, kwa maana kisarufi alikuwa sahihi, kisha tukakaa na swali hilo hadi kengele ikalia.

Siku ya kupiga kura nilirudi Elburgon kumsindikiza dada kituoni. Foleni ilikuwa ndefu na baridi ya msitu wa Mau ilikuwa kali. Mzee mmoja, ambaye dada alikuwa amewafundisha wanawe wote, alimsalimia kwa heshima, kisha akamwambia bila kuficha:

"Mwalimu, wewe ni mtu mzuri. Lakini tulisomewa kwamba ulilia. Bunge si mahali pa kulia."

"Sikulia, mzee."

"Iliandikwa," alisema mzee, kwa upole kabisa, akasonga mbele na foleni.

Dada alishindwa kwa kura nyingi. Sidhani ni chozi lile peke yake lililomwangusha. Mpinzani wake alikuwa na jamaa wengi na magari mengi. Dada alipoomba kurudi kazini, nafasi yake ilikuwa imejazwa. Yeye na mumewe wakakodi shamba upande wa Molo, wakapanda viazi. Msimu wa kwanza baridi kali iliviunguza. Wa pili vilikubali, na nilipomtembelea nilimkuta juu ya magunia, akibishana bei na wachuuzi kwa sauti ya mtu anayefurahia ubishi.