Ndizi Nilizoficha Ndani ya Mashua

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Msimamizi wa Magari, mtu mfupi aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi, alinipeleka nyuma ya karakana yetu, karibu na soko la Daraja Mbili mjini Kisii, akanionyesha trela iliyobeba mashua ya mbao.

"Inua shingo," aliniambia.

Shingo ni kile chuma kirefu cha mbele kinachoishikanisha trela na gari. Niliinama nikavuta mpaka jasho likanitoka. Haikubanduka.

"Vizuri. Siku utakapoiinua peke yako, usiondoke. Ujue mzigo umekimbilia nyuma, na trela yenye mkia mzito haivutwi. Inakuendesha wewe."

Wageni walikuwa wakicheka kusikia kwamba sisi wa milimani tunaunda mashua za kuvulia samaki. Lakini mbao na mafundi walikuwa huku, na watu wa ziwani waliagiza kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuziteremsha. Nilifundishwa kuingiza gia ya pili kabla ya mteremko kuanza, maana breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto na kulegea. Nilifundishwa pia kufunga cheni mbili za usalama zikiwa zimepishana chini ya shingo, ili ikichomoka idakwe isichimbe barabara. Hayo yote niliyashika. Kwa miaka mingi sikukwaruza hata rangi.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Magwagwa, kule Nyamira, ambako mashua ndogo zilikuwa zikimaliziwa kabla ya kuteremshwa upande wa Sondu. Tulikuwa wachache. Meneja wa Tawi alikuwa mtu wa haraka aliyezungumza akiwa amesimama mlangoni. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa Ondieki, na ndiye aliyetengeneza chuma cha kuvutia, kile kinachokaa chini ya bampa ya nyuma ya kila gari letu na kushika shingo ya trela. Zamani Ondieki alikuwa mlevi wa kujulikana soko zima. Nilipomkuta alikuwa ameacha, amebatizwa, na kanisa la Sabato lilikuwa limemfanya shemasi. Alipenda kunitania.

"Dereva, wewe unavuta tu. Anayeshika ni mimi."

Sasa, huku kwetu gari halishuki ziwani tupu. Ukishuka unabeba ndizi, ukipanda unabeba samaki. Kila dereva alifanya hivyo, nami nilikuwa na rafiki zangu ufuoni waliozingojea ndizi zangu. Meneja alikataza kupakia chochote ndani ya mashua mpya kwa sababu utomvu wa ndizi ukishika mbao hautoki. Kwa hiyo tulipakia kwa siri, nyuma kabisa, chini ya turubai. Lori letu lilikuwa zito, halikujali.

Asubuhi moja lori liliharibika. Meneja akasema mashua ingevutwa na pikapu ndogo ya ofisi.

"Itaweza?" akaniuliza.

"Itaweza bila shida," nikamjibu, na kwa mashua tupu ningekuwa nimesema kweli.

Ndizi zilikuwa tayari zimekatwa. Nilipanga mikungu peke yangu nyuma ya mashua, nikaitandikia majani, nikafunika. Kisha nikaenda kuunganisha trela. Niliishika shingo nikaiinua kwa mkono mmoja.

Naomba mnaosoma hapa, hasa nyinyi madereva, muelewe vizuri. Sikusahau nilichofundishwa. Nilisimama nimeishika shingo ile, nyepesi kama jembe, nikakumbuka kila neno la Msimamizi. Kisha nikaifunga kwenye gari nikaondoka, kwa sababu sikutaka kupakua.

Kwenye mteremko wa pili trela ilianza kuyumba. Mara ya kwanza taratibu, kulia na kushoto, kisha kwa nguvu, na kila ilipoyumba iliitupa pikapu upande wa pili. Nilikanyaga breki, jambo ambalo dereva wa trela inayoyumba hatakiwi kulifanya. Mashua ikaja mbele kunipita. Chuma cha kuvutia kikajipinda kikakatika, cheni zikakatika, trela ikaruka mtaro na kuingia kwenye shamba la chai. Pikapu ikalala ubavu. Nilitoka kupitia dirishani nikiwa na mkwaruzo wa kiwiko tu, na wachumaji wa chai walikuwa upande wa juu wa shamba. Hakuna aliyeumia.

Watu walijaa. Mama mmoja mwenye kikapu cha chai mgongoni alisema, "Mashua imechoka kungojea ziwa, imekuja kuchuma majani!" Wakacheka, na huku wakicheka wakabeba ndizi. Meneja alipofika, hapakuwa na mkungu hata mmoja.

Aliangalia mashua iliyopasuka ubavu. Kisha akachuchumaa akakitazama kile chuma kilichokatika.

"Kimeachia hapa kwenye weldi, pale kilipochomelewa," akasema. Akanigeukia. "Ondieki ameanza tena?"

Lilikuwa swali. Ningeweza kujibu hapana. Nilitazama chini, nikakamua kiwiko changu kitoke damu kidogo, nikasema, "Mimi sijui mambo yake, Meneja."

Kwenye fomu ya ajali niliandika kwamba weldi iliachia. Ondieki alifukuzwa wiki hiyo. Soko zima likajua kwamba amerudia chang'aa, na kanisa likamvua ushemasi. Mimi nilipandishwa cheo nikawa Msimamizi wa Magari. Nikawafundisha madereva wapya kuinua shingo, na walipouliza kwa nini mashua ile ilianguka, niliwaambia habari za fundi mlevi. Nilisimulia vizuri sana. Mara nyingine niliigiza na sauti yake.

Siku ya kustaafu walinisifu kwa uaminifu. Watu waliostaafu hupenda kusema kwamba zamani kazi ilifanywa kwa heshima. Mimi wakianza kusema hivyo, huchukua kofia yangu nikaaga.

Juzi nilikwenda kwa Ondieki. Nilimkuta uani akitia mpini kwenye jembe, na mkewe, Kemunto, akipepeta wimbi kando ya mlango wa jikoni.

"Bwakire, mogaka," Ondieki alinisalimu kwa heshima ya wazee. Nikaanza hotuba niliyoiandaa. Akanikatiza.

"Hilo la ndizi nalijua. Jioni ya siku ile ya ajali nilikwenda kuangalia chuma changu. Nikakuta utomvu kwenye mbao za nyuma."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Meneja alicheka. Nani amsikilize mlevi?" Aliligonga jembe mara moja. "Mimi huna la kuniambia. Mwambie yule pale. Yeye ndiye niliyeshindwa kumwaminisha."

Nikaenda mpaka kwenye ungo wake, nikamwambia Kemunto yote. Aliacha kupepeta.

"Ulizipakia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mong'ina," nikamjibu, kwa neno letu la kumheshimu mama mzee.

"Na huyu hakuwa amekunywa?"

"Hakuwa amekunywa."

Aliweka ungo chini polepole. Hakuniangalia tena. Alimgeukia mumewe.

"Miaka yote hii," akasema, "kila ukirudi nyumbani nimekuwa nikikunusa mdomo."

"Najua," Ondieki akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nikikusogelea karibu."

Kemunto aliinua leso akafunika uso. Ondieki aliacha jembe, akaenda kuketi kando yake chini, kwenye wimbi lililomwagika. Mimi nilibaki nimesimama na kofia mkononi, na hakuna aliyeniambia niketi wala niende.