Chai ya Dada na Vidonge vya Damu

Kliniki walimwambia dada yangu kuwa damu yake ni ndogo. Isipopanda kabla ya miezi kutimia, hatajifungulia kwenye kituo cha afya kilicho chini kidogo ya kwetu; atapelekwa hospitali kubwa ya mjini. Dada hakutaka mjini. Alitaka kuzalia mahali ambapo mama anaweza kumfikishia mtori, ile supu nzito ya ndizi, kabla haujapoa. Ndiyo maana aliacha genge lake la nyanya sokoni Kiboriloni akapanda mlimani kukaa nasi.

Alipewa vidonge vya kuongeza damu. Kila asubuhi alivimeza kwa kikombe cha chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa chungu. Kwetu maji ya asubuhi yana baridi ya kuuma meno, na mama anaamini maji baridi humshtua mtoto tumboni.

"Basi ameze kwa maji ya uvuguvugu," nikasema.

"Maji ya moto yasiyo na majani ni ya kunawia," mama akajibu.

Nimesoma chuo kikuu na siwezi kuacha jambo lipite bila kuuliza kwa nini. Nikawaeleza. Kafeini huingia kwenye damu upesi, ndiyo maana chai inatuchangamsha. Ule ukakasi unaokausha ulimi ni kitu kingine: ni kemikali za majani, nyingine kubwa kiasi kwamba hazipenyi utumbo mwembamba. Hufika mpaka utumbo mpana, bakteria wakazivunjavunja, na baadhi ya vipande ndivyo huingia mwilini. Shida inatokea njiani. Zikikutana na madini ya chuma ya kidonge huyang'ang'ania, na chuma kilichong'ang'aniwa hakifyonzwi vizuri. Kingi chake kinatoka na choo.

"Kwa hiyo dada yako anakunya vidonge?" mama akauliza.

Dada alicheka mpaka akashika tumbo.

Nikasaga kidonge kimoja, nikakikoroga kwenye chai. Ikawa nyeusi kama wino. Nikaona nimeshinda kesi.

Mama aliinama, akachungulia. "Umeharibu dawa ya mgonjwa na kikombe changu cha wageni. Na tumboni kwake umeingia lini ukaona?"

Swali lilikuwa zuri, nikazidi kukasirika. Nikamshawishi dada tufanye hila. Mama hunywa chai ya maziwa tu, ile chupa ya chai ya rangi haigusi. Nikawa nachemsha maji na tangawizi, natia sukari niliyoiunguza ili ipate rangi. Dada alimeza kidonge, akapiga funda, akasema, "Leo imekolea, mama!" Mama akanitazama kama mtu aliyenifunga goli.

Jumapili moja maziwa yaliisha. Mama akajimiminia ile ya rangi. Akaonja, akaonja tena.

"Hii ni chai au mmesuuza sufuria ya keki?"

Dada akaninyooshea kidole hapo hapo, bila hata kuulizwa mara ya pili.

Nilisubiri kelele. Mama akajifunga kanga, akatoka, akarudi na nyama na damu ya mbuzi. Akabandika kisusio, ile supu yetu ya damu. "Endelea na maji yako ya sukari," akaniambia. "Mimi nampa damu yenyewe. Tuone nani atampandisha."

Tuliporudi kituoni kupima, damu ilikuwa imepanda. Muuguzi akasema dada anaweza kujifungulia pale pale, kisha akauliza tumefanya nini.

"Tumeacha chai!"

"Kisusio!"

Mimi na mama tulijibu kwa pamoja. Muuguzi akamtazama dada, dada akatazama dari.

Tukiwa njiani kupanda nyumbani bado nilikuwa nasumbuka. Tumebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, nikamwambia mama, kwa hiyo hatujui kipi kimefanya kazi.

"Sasa unataka tuache kimoja, damu ishuke, ndiyo roho yako itulie?"

Nikafungua mdomo. Dada, aliyekuwa mbele yetu akipanda polepole, mkono kiunoni, akasimama akageuka.

"Mdogo wangu, ukimjibu tu, nazalia hapa hapa barabarani na wewe ndiye utakayenizalisha."