Kiingereza cha Kushinda Maporomoko

Maporomoko ya Wagenia, kwetu Kongo, hayanyamazi. Ukizaliwa kando yake unajifunza kupiga kelele kabla ya kutembea, na nguo zako zinanuka samaki wa moshi hata uzifue mara tatu. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nilitaka kitu kimoja tu: kazi kwa Misi, muuguzi Mwingereza wa misheni. Kiswahili kilimshinda kabisa, kwa hiyo alitufundisha wasichana Kiingereza ili achague mmoja wa kumsemea kwa wagonjwa. Papa, baba yangu, akaniambia, "Bon, haya. Ukishindwa unarudi kukausha samaki, na nisisikie tena habari hiyo."

Nilijifunzia juu ya jiwe, Papa akipandisha mitego yake, vile vikapu virefu vya fito. Nilijichagulia vitatu vya kukumbukia maneno. Kikubwa kilikuwa cha miezi na miaka, nikakiita in; cha kati cha siku, on; kidogo cha saa, at. Samaki wakitoka napayuka many, maji yakinirukia napayuka much. Get up, nasimama. Sit down, naketi, jiwe linaniunguza. Papa alikuwa akicheka: "Mama, samaki wamekukosea nini unawatukana hivyo?"

Siku ya kuchaguliwa tulibaki wawili, mimi na Albertine, binti wa karani, mwenye viatu. Akaniambia, "Wewe wa mitego, hata Kiingereza chako kinanuka." Akamjibu Misi kwa sauti ndogo, tamu, bila kosa. Zamu yangu ilipofika, nikasahau kwamba siko mtoni. Misi aliuliza dispensari inafunguliwa lini. Nikamjibu kwa sauti ya kule jiweni, mpaka kalamu ikamdondoka. Albertine alicheka hadi machozi. Moyoni nikaanza kuona moshi wa samaki.

Misi hakucheka. Alitutoa barazani, ambako kina mama walikuwa wanasukumana na watoto wanalia, akasema kwa Kiingereza: waketi, waingie mmoja mmoja. Albertine akawaambia. Nani amsikie? Ndipo nikapanua kifua, nikalitupa neno kwa Kiswahili, nikalitupa tena kwa Lingala. Baraza zima likaketi. Hata Albertine aliketi!

Kazi nikaipata, nikaifanya hadi nikaolewa.

Leo mjukuu wangu yuko chuo kikuu. Kiingereza anajifunzia kwenye simu, masikio ameyaziba, ananong'ona kama mtu anayeungama dhambi. Juzi nikamwambia, "Simama, mama. Toa hivyo vitu masikioni. Sema." Akasema. Sauti ya Albertine tupu. Nikaweka fimbo yangu chini, nikamwonyesha. Jirani wa nyumba ya tatu akaitikia.