Namba ya Siri kwenye Kitochi cha Marehemu

Mimi ndiye niliyejaza ile fomu, kwa hiyo lawama yangu naibeba mwenyewe kabla sijaanza kuwagawia wengine. Naitwa Tunu. Nina steshenari hapa Mbinga, nyuma ya stendi: kopi, laminesheni, picha za pasipoti, na kuanzia Julai maombi ya vyuo. Vijana wa kata zote hizi hawana kompyuta, na wenye simu hawajui pa kubonyeza, basi wanaleta vyeti mimi najaza. Barua pepe nawafungulia mimi, neno la siri naweka mimi, tena lilelile kwa wote, maana nimechoka na watu wa kusahau. Ninachotaka kwao ni namba ya simu tu.

Benadetha Ndunguru wa kijiji cha Ruanda, binti wa katekista Romanus, alikuja kwangu mara ya kwanza mwaka jana. Alikuwa amemaliza kidato cha sita miaka mitatu nyuma, akawa anajitolea kufundisha shule ya msingi ya kijijini kwao. Kujitolea maana yake unafundisha kama wenzako halafu mwisho wa mwezi unalipwa ahsante. Pale shuleni kulikuwa na mtoto wa kike wa darasa la tano aliyenyamaza. Mama yake alizikwa Januari, na tangu siku hiyo hakutoa neno. Walimu wakasema ni jeuri, wakamchapa. Benadetha akawa anakaa naye kila mchana nyuma ya jiko la shule wanapukuchua mahindi, na yeye naye hasemi kitu. Wiki ya tano mtoto akasema, "Mwalimu, vidole vinauma." Benadetha alinihadithia hayo huku mashine inatoa kopi, na nilikosea kopi mbili kwa kumsikiliza.

Mganga wa zahanati ndiye aliyemwambia kwamba jambo lile lina masomo yake, yanaitwa saikolojia, na yanasomewa chuo kikuu. Basi, ikamwingia kichwani na haikutoka.

Hapa kwetu ukitaja saikolojia watu wanasikia vichaa. Shangazi yake alimuuliza kama atakuwa analala nao wodini. Padri alimshauri uuguzi. Vijana wa bodaboda wakimwona wanasema, "Mwalimu, hebu nisome, nawaza nini?" Anawajibu, "Unawaza abiria," na kweli hawawazi kingine. Mimi nilifanya vibaya kuliko wote. Mwaka jana nilimwandikia ualimu chaguo la kwanza bila kumwambia, nikijiona namsaidia, maana mwalimu hata asipoajiriwa anajulikana ni nani. Akachaguliwa ualimu. Akakataa kwenda, na Ruanda nzima ikasema binti wa katekista amelogwa. Alikuja akasimama mbele ya kaunta yangu, hakunigombeza. "Dada Tunu," akasema, "mwakani utajaza huku nakuangalia." Afadhali angenitukana.

Mwaka huu, Julai, alikaa ubavuni kwangu tukajaza vyuo viwili, vyote saikolojia. Tukafika kwenye namba ya simu. Simu yake ni ya kupangusa, kioo kimepasuka, na chaji inaisha kabla ya adhuhuri. Nikamwambia anipe namba isiyozimwa. Akafikiri kidogo, akataja ya baba yake. Katekista alikuwa na kitochi, kile kisimu cha vitufe kinachokaa na chaji siku nne, na katekista hazimi simu, kwa sababu watu hawachagui saa ya kufa. Nikaandika hiyo. Hata leo ukiniuliza nitakuambia mtu mwenye akili angeandika hiyo.

Katikati ya Agosti katekista Romanus akaanguka shambani, akafa kabla hawajamfikisha hospitali. Nilikwenda msibani. Siku ya kuanua tanga nilikuwepo pia, nimekaa na wanawake, nikaona ukoo ule unavyofanya. Walimtoa mdogo wake marehemu, mzee Bernadi, ambaye alioa kwa Wanyasa na amehamia huko ziwani, mbele ya Mbamba Bay. Wakamkalisha kwenye kiti cha kaka yake, wakamvika koti la kaka yake, wakamkabidhi jembe, rozari na kitochi, na wakamwambia: wewe sasa ndiye Romanus. Watu wakapanga mstari kumwamkia kwa jina hilo. Benadetha naye alipiga goti akasema, "Shikamoo Baba." Mimi bibi yangu alitoka Kilwa, mambo hayo nayaangalia kwa mbali, lakini niliyaona ni mazuri. Kuhusu ile namba ya simu, hakuna aliyekumbuka. Mimi sikukumbuka. Benadetha naye alikuwa amefiwa.

Majina yalitoka Septemba. Benadetha amechaguliwa vyuo vyote viwili. Ukichaguliwa kuwili lazima uthibitishe kumoja, na unathibitisha kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu uliyoandika. Usipothibitisha, nafasi yako anapewa mwingine. Habari zilimfikia Ruanda Jumapili jioni, kupitia kwa mtu aliyeambiwa na mtu. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua, vidole bado vina utomvu wa kahawa. Siku ya mwisho ilikuwa hiyohiyo Jumatatu, saa kumi na mbili jioni.

Nilifungua ukurasa nikaomba namba. Ukaandika: imetumwa kwenye simu inayoishia na nne saba. Tukatazamana.

"Ni ya Baba," akasema.

Nilipiga namba ya msaada ya chuo. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, nikaambiwa mteja ana mazungumzo mengine, na mazungumzo hayo yalidumu mpaka saa tano. Ikabidi tupige kitochi chenyewe, nikaweka sauti ya juu.

"Haloo, Romanus hapa."

Benadetha alifumba macho kidogo, kisha akaamkia, na yule mzee akaitikia, akauliza habari za Ruanda, za mama, za kahawa, za mbuzi mmojammoja. Mimi nagonga meza kwa kalamu.

"Baba, kuna meseji zenye namba zimeingia kwenye simu hiyo?"

"Zimeingia. Moja wiki iliyopita, nyingine leo hii asubuhi. Nimefuta."

"Umefuta, Baba?"

"Si ulinifundisha mwenyewe, siku ile mliponikabidhi simu? Ukasema siku hizi matapeli ni wengi. Ikija meseji ya namba usimtajie mtu, hata akisema ni mtoto wako. Futa."

Benadetha aliweka kipaji cha uso kwenye kaunta. Niliomba namba nyingine. Baada ya dakika mzee akasema ndiyo, imeingia. Benadetha akambembeleza amsomee.

"Sauti yako naisikia, mwanangu," akasema. "Lakini ulisema hata sauti wanaiga. Njoo mwenyewe nikuone."

Tulimbembeleza kwa zamu nusu saa nzima. Nilijitambulisha, akaniuliza kwa upole mimi tapeli wa wapi. Jirani zake hawana simu, au wanazo na hazina chaji, au wamekwenda ziwani kuanika dagaa wa usipa. Mwalimu bora kuliko Benadetha sijaona, maana mwanafunzi wake hakusahau hata neno moja.

Basi Benadetha akaenda. Kosta ya Mbamba Bay ilikaa stendi ikingoja abiria watatu mpaka saa saba na nusu, nami namwona kupitia dirishani amekaa kiti cha mbele, mikono magotini. Ilipoondoka nilirudi kwenye kompyuta, nikakataa wateja. Alikuja mtu na hati za kiwanja, nikamwambia mashine mbovu. Kila robo saa nilikuwa naufungua upya ule ukurasa usije ukanifungia. Sijawahi kumhangaikia mtu asiye ndugu yangu namna ile.

Saa kumi na moja kasoro kitochi kikanipigia. Simu yake mwenyewe ilikuwa imezima zamani.

"Dada, nimefika. Nipo naye hapa. Omba namba."

Nikaomba. "Imetumwa," nikamwambia. "Kata simu uisome, halafu unipigie." Kitochi kile hakifungui meseji huku mtu anaongea. Lakini kabla hajakata nikamsikia mzee.

"Namba hiyo ni ya nini?"

"Ya chuo, Baba. Mwezi ujao naenda kusoma."

"Nani amekuruhusu?"

"Baba alikwisha kukubali."

"Baba yupi?"

Nikasikia kuku, na mtu anatwanga kwa mbali. Nikasema, "Bena, kata simu." Sidhani alinisikia.

"Romanus mmoja mmemzika," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo iliyonitisha. "Huyu mwingine mmempa koti, mmempa jina, mmempa na simu. Mwezi umepita. Kuna mtu amekuja kumwambia jambo? Unakuja mbio kuchukua namba."

"Nisamehe, Baba. Nilikosea, sikuja kukuambia. Nakuomba ruhusa sasa."

Hapo ndipo angepaswa kusema haya nenda, nami ningesahau yote. Badala yake akaendelea, polepole, kama mtu anayeshusha mizigo na haoni pa kuiweka. Akasema watu wa Ruanda wanaipigia ile simu kila siku. Mama mmoja juzi amemuuliza ubatizo wa mjukuu wake utakuwa lini. "Namwambia ndiyo mama, ndiyo mama. Mimi ubatizo naujua? Mimi nalima mihogo." Akasema mkewe sasa anamwita Romanus hata wakiwa wawili tu mezani. Akasema siku ya kwanza alipotaka kulia wazee wa ukoo walimkataza. Mrithi halii. Aliyelazwa kaburini ni mwili, jina limekaa kwenye kiti, na mtu hajililii mwenyewe.

"Nilikuwa na kaka," akasema. "Sasa mmenifanya mimi ndiye kaka. Nimlilie nani?"

Saa yangu ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Nitasema ukweli: nilimwonea huruma kwa muda wa pumzi moja, kisha nikakasirika. Huyu mzee amekaa mwezi mzima na maneno yake, akangoja mpaka leo, mpaka saa hii. Nikakata simu mimi mwenyewe, ili meseji ifunguke, nikangoja Bena anipigie.

Hakupiga. Saa kumi na moja na nusu nikapiga, ikaita mpaka mwisho. Nikapiga tena. Nikaomba namba nyingine ili kitochi kilie, angalau washtuke. Ikafika saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Nilisimama, nikakaa. Nilijaribu kubahatisha namba kwa akili yangu, jambo la kijinga kabisa kwa mtu wa kazi yangu, na baada ya mara tatu ukurasa ukanionya. Kwenye mlango mteja akaniuliza kama mashine imepona, nikamjibu vibaya. Ilipofika dakika ya hamsini na tano nilipiga mara ya mwisho, na safari hii iliita mara mbili ikakatwa. Kwa hiyo Bena alijua. Simu ilikuwa mkononi mwake.

Saa kumi na mbili kamili ukurasa ukabadilika. Palipokuwa na kitufe cha kuthibitisha pakawa na mstari mmoja unaosema muda umekwisha na waombaji washukuriwa kwa ushirikiano wao.

Alipiga saa kumi na mbili na dakika kumi. "Andika, Dada Tunu," akasema, akanisomea tarakimu sita, taratibu, na mimi nikaziandika nyuma ya kopi iliyoharibika, sijui kwa nini. Ndipo nikamwambia. Nikamwambia na nyingine, kwamba nilishaangalia vyuo vingine vinavyofundisha saikolojia na vyote vimejaa, labda mwakani.

"Ulikuwa unafanya nini saa nzima?" nikamuuliza.

"Alikuwa analia, Dada. Nilikaa naye."

"Ungeisoma meseji huku analia. Ni kuangalia chini mara moja tu, Bena. Mara moja. Meseji si ilikuwa mkononi mwako?"

"Ilikuwa mkononi."

"Sasa?"

"Ningeiangalia simu," akasema, "angenyamaza."

Nikakata. Nilikuwa na hasira, lakini ile kopi yenye tarakimu sita sikuitupa.