Nilibania power supply ya gaming PC, ikaondoka na sauti ya marehemu baba

Wakuu, salaam kwenu nyote humu. Leo sina porojo, nimekuja na kidonda. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Lubumbashi, na bado yananiuma.

Anayepanga kuunga gaming PC ya bei nafuu avumilie asome.

Nilikuwa nadunduliza nipate mashine ya kucheza mpira online na washkaji. Vipande nikanunua kimoja kimoja, vingi used: motherboard na processor za kompyuta ya ofisi, RAM, graphics card iliyotumika lakini nzima.

Hela ikabaki kidogo. Hapo ndipo akili ilinihama.

Nikachukua case ya kioo yenye feni za taa za rangi. Power supply, ambayo sisi huku tunaita alimentation, nikachagua isiyo na jina, rahisi kuliko zote dukani. Rafiki yangu Trésor akaipima uzito mkononi, akacheka ilivyo nyepesi.

"Vieux, hii iko léger sana. Ndani muko kitu kweli?"

Nikamjibu taa ndizo zinaonekana, alimentation nani ataiona? Jamani, ujinga nao una raha yake.

Hard disk sikununua kabisa. Nikaing'oa kwenye kompyuta ya zamani ya marehemu baba, iliyokuwa sebuleni imefunikwa kitambaa.

Baba alikuwa anafuata samaki Kasenga, mama anauza hapa nyumbani, Annexe. Kwenye disk ile kulikuwa na video aliyojirekodi kando ya mto Luapula, anamtania mama, anamwambia aandae friza, samaki wanakuja. Kila mwaka siku ya kumkumbuka tunaiweka. Familia inamsikiliza, inacheka, inalia kidogo, basi. Sauti yake nyingine hatuna.

Mama aliponiona na bisibisi akasimama mlangoni.

"Mule muko sauti ya baba yako. Uangalie bien, mutoto wangu."

Nikamwambia hakuna shida, nahamisha tu. Kuinakili kwenye flash nikasema nitafanya kesho. Kesho hiyo haikufika.

Sasa kwa wasioujua umeme wa kwetu: ukikatika si tatizo, tatizo ni ukirudi. Unaweza kurudi na nguvu za ajabu. Ndiyo maana nyumbani, ukikatika tu, mama anachomoa kila kitu anaacha balbu moja iwe mlinzi. Balbu ikitulia, ndipo anawasha friza. Na hata hapo friza inapitia stabilisateur, lile boksi la kutuliza umeme.

Mimi nilikuwa naiita hiyo ibada ya balbu. Nilikuwa namcheka kabisa.

Jumapili moja, tumetoka misa, umeme ukarudi. Washkaji walikuwa wananisubiri kwenye mechi. Nikachomeka PC moja kwa moja ukutani.

"Acha kwanza! Courant inarudiaka na kasirani!" mama akapiga kelele kutoka jikoni.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikabonyeza.

Feni ziliwaka vizuri mno, siwafichi. Halafu balbu ya sebuleni ikang'aa kupita kawaida, nikasikia pa! Harufu ya plastiki ikajaa nyumba.

Fundi wa mjini alinieleza kwamba alimentation ilipasuka na kupitisha umeme mbaya hadi ndani. Motherboard, card, disk, vyote kwaheri. Alijaribu kubadilisha saketi ya disk, haikuamka.

Nilirudi nyumbani nikijua mama atanitukana. Afadhali angenitukana. Hakuuliza kompyuta wala hela. Aliuliza tu:

"Na baba?"

Wakuu, nililia mbele yake kama mtoto.

Somo langu ni hili: anza na power supply nzuri, kisha stabilisateur, hizo taa za rangi hata usinunue. Na chochote usichoweza kununua tena, kinakili leo hii kabla hujagusa bisibisi.

Siku ya kumkumbuka baba inakaribia. Samaki wa mama wako salama kwenye friza, kwa sababu yeye aliwawekea stabilisateur. Mimi sauti ya baba niliichomeka ukutani.

Disk mama ameifunga kwenye kitenge, amekataa isitupwe. Kama kuna mkuu aliyewahi kuokoa data kwenye disk iliyoungua, tafadhali aseme hapa chini. Hata matusi nitayapokea.

Mama ameshajua kwamba nimewaandikia. Kila nikishika simu ananiuliza kama kuna mtu amejibu.