Mfagizi wa kanisa aliyemwandika jirani yake ‘hayupo’

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mvua imekatika tangu alfajiri, lakini ukungu bado umelala juu ya bonde na mapaa ya bati yanadondosha maji. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mfupi wa miaka 57, kitenge kiunoni na viatu vya mpira visivyofanana miguuni, anasukuma tope kwa fagio kutoka kwenye mlango wa kanisa.

Tope hilo si la leo. Maji ya mafuriko yalitoka kanisani wiki tano zilizopita, lakini kila anapohamisha benchi hukuta lingine limejificha chini yake.

“Lilikuja bila kualikwa, na kuaga halitaki,” anasema, kisha analisukumia nje.

Akimaliza, ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko na kuikausha kwa upande wa ndani wa kitenge. Ndipo anapotoa daftari kubwa kwenye mfuko wa nailoni, analiweka mezani na kufumba macho. Sala yake ni fupi, naye huisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliyeketi upande wa pili wa meza.

“Bwana, nisimsahau mtu.”

Hapa wote wanamwita Mama Daftari. Kufagia kanisa ndiyo kazi yake ya mshahara, na ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Mshahara wenyewe unanunua unga wa wiki tatu. Wiki ya nne hufua nguo za watu. Kazi yake nyingine haina mshahara kabisa: anatunza orodha ya kaya 212 zinazopokea misaada ya kanisa tangu mto ulipofurika.

Leo daftari lake linakaguliwa. Mratibu wa misaada kutoka ofisi kuu ya kanisa anakuja na lori la pili. Akilikubali, unga, maharage na blanketi vitagawiwa leo hii. Akilikataa, lori litarudi na mzigo wake na watu wataandikishwa upya, kazi itakayochukua wiki mbili. Miongoni mwa wanaosubiri kuna kaya kumi na moja zilizokosa mgao wa kwanza. Zilikosa kwa sababu ya neno moja, na aliyeliandika ni Mama Daftari.

Mvua ya msimu huu ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya tano, saa sita mchana, mto uliacha njia yake ukapita katikati ya nyumba. Hakuna aliyekufa, na hilo watu wa hapa hulitaja kwanza kabla ya kutaja kingine chochote. Lakini nyumba 94 zilianguka, ikiwemo ya Mama Daftari. Tangu siku hiyo analala kwenye chumba cha vifaa cha kanisa, kati ya ndoo na viti vibovu.

Familia nyingi zilikimbilia madarasa ya shule iliyo juu ya kilima. Makanisa ya miji ya mbali yakachanga chakula na nguo, na ofisi kuu ikaomba orodha ya walioathirika. Mchungaji alikuwa mgeni wa miezi miwili tu, hajui nani ni nani. Akamwomba mfagizi aandike, kwa kuwa alimjua kila mtu na miaka minne iliyopita alikuwa amehitimu darasa la jioni la kusoma na kuandika.

“Nilifurahi mpaka nikaogopa,” anasema. “Maisha yangu yote nilikuwa ninaandikwa na watu. Siku hiyo mimi ndiye niliyeshika kalamu.”

Kila kaya iliandikwa kwa jina la mkuu wake, na mbele ya jina palikuwa na nafasi ya maelezo. Katika darasa la tatu la shule aliwakuta mke wa mfyatua matofali, watoto watatu na mama mkwe. Mfyatua matofali mwenyewe hakuonekana. Akamuuliza mama mkwe, mtu wa maneno machache, kama baba wa watoto yuko wapi.

“Hayupo,” mama mkwe akajibu.

Ilikuwa kweli. Mkwe wake alikuwa bondeni akipapasa tope, akitafuta fremu za mbao anazofyatulia matofali. Mama Daftari akaandika ‘hayupo’. Kufika jioni alikuwa ameliandika neno hilo mbele ya majina kumi na moja. Mmoja alikuwa kliniki, wengine wakitafuta mbuzi, mwingine amekwenda tu kuchota maji.

Orodha ikaenda ofisi kuu siku ya Ijumaa. Huko, karani ambaye hajawahi kufika hapa aliliona neno ‘hayupo’ akalielewa jinsi watu wengi wanavyolielewa linapoandikwa baada ya mafuriko. Akayaondoa majina yote kumi na moja. Mkuu akifutwa, kaya nzima hufutika naye.

Mchungaji naye alilielewa vivyo hivyo. Jumapili, mbele ya watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi yenye unyevu, alitangaza sala kwa ajili ya waliotangulia na kuanza kusoma majina. Alipofika jina la tatu, mwanamume mmoja akasimama benchi la nyuma, kofia mkononi.

“Samahani, mchungaji,” akasema mfyatua matofali. “Mimi nipo.”

Mchungaji akaangalia karatasi, akamwangalia yule mtu, akaendelea na jina la nne kwa sauti ya chini zaidi. Akasimama fundi baiskeli. Jina la sita, akasimama muuza mboga. Kabla orodha haijaisha, marehemu wanne walikuwa wamesimama, na kanisa zima halina mbavu. Mke wa mfyatua matofali alicheka na wengine, kisha akashika mkono wa mumewe, akalia mpaka ibada ikaisha.

Tangu siku hiyo watoto wa shule wanamwita mfyatua matofali ‘Marehemu’. Anaitika.

Kicheko kiliisha Jumatatu, lori la kwanza lilipofika. Mizigo ilikuwa imefungwa kwa kufuata majina, na mizigo ya majina kumi na moja haikuwemo. Majirani walifanya walichoweza. Kila aliyepokea unga alipita kwenye beseni lililowekwa mlangoni na kumimina bakuli moja. Kaya kumi na moja zikagawana beseni hilo, likawatosha siku tatu.

Mama Daftari alisimama kando ya beseni mpaka mtu wa mwisho alipopita. Kisha akaenda kwa mchungaji kurudisha kalamu.

Mchungaji anakumbuka kwamba aliikataa. Alimwambia kosa ni la wawili, kwa kuwa yeye aliyasoma majina bila kuuliza, na kwamba mwenye kujua palipoharibika ndiye atakayepatengeneza vizuri.

Lakini kuna jambo ambalo mchungaji hakulijua siku hiyo. Mama Daftari analisimulia akiwa ameinamisha kichwa, kidole kikifuata mstari wa daftari usio na maandishi.

Miaka minane iliyopita mumewe alilazwa hospitali. Asubuhi moja alimpelekea chupa ya chai, akakuta kitanda kimetandikwa upya. Akamuuliza mgonjwa wa kitanda cha jirani, naye akajibu kwamba hayupo.

“Nikadhani wamemhamisha,” anasema. “Nilizunguka wodi tatu na ile chupa ya chai. Kila wodi nauliza. Kwenye wodi ya tatu muuguzi akanishika bega, ndipo nikaelewa. Neno hilo nalijua pande zake zote mbili, mwanangu. Halafu nikawaandikia wenzangu kumi na moja.”

Alipotoka kwa mchungaji siku ile alinunua daftari jipya na kuanza upya, mlango kwa mlango, na pasipo na mlango, turubai kwa turubai. Ilimchukua siku kumi na mbili. Safari hii neno ‘hayupo’ halimo. Badala yake anaandika mtu aliko, na kila asubuhi anapita kuuliza na kurekebisha.

Kurasa zake zinasomeka hivi: ‘Amekwenda kwa dada yake kuazima jembe, atarudi Alhamisi.’ ‘Yupo, amelala, nimemsikia akikoroma.’ ‘Yupo ila hataki kuongea na mimi, amesema nimwandike hivyo hivyo.’

Saa tatu kasoro lori linaingia uwanjani likipiga honi. Foleni tayari imefika kwenye kisima. Mratibu ni mwanamume mpole wa makamo, anayesalimia wazee kwanza kabla hajafungua mkoba wake. Anaketi na daftari na kusoma ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Anavua miwani.

Anaeleza kwa upole kwamba ofisi ina fomu. Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja kidogo, na ndani yake huandikwa Y kwa aliyepo na H kwa asiyekuwepo.

“Mama, kisanduku ni cha herufi moja,” anasema.

“Nimekiona, baba,” anajibu Mama Daftari. “Mara ya kwanza niliwabana watu humo. Unajua kilichotokea.”

Mratibu hakasiriki. Anasema ataamini daftari likimwonyesha kwamba halikosei. Anachagua majina matatu kati ya yale kumi na moja na kutaka kuwaona watu wenyewe, pale pale lilipoandika.

Muuza mboga ameandikwa ‘kliniki, jino’. Wanamkuta kwenye benchi la kliniki, shavu limevimba, akijibu salamu kwa kutikisa kichwa. Fundi baiskeli ameandikwa ‘nyuma ya darasa la pili, anaziba pancha’. Yuko hapo, na anamwomba mratibu ashikilie gurudumu kidogo. Mratibu analishikilia.

Jina la tatu ni mfyatua matofali: ‘Bondeni, anafukua fremu zake.’

Ni mwendo wa dakika ishirini kwenye njia inayoteleza. Mama Daftari anatangulia, amevua viatu na kuvishika mkononi. Wanapofika wanakuta shimo lililojaa maji mekundu, jembe limesimikwa kando yake, na shati limetundikwa kwenye mpini. Mtu hakuna.

Anaita mara moja, mara mbili. Hatua chache mbele mto unapita kwa nguvu, bado una rangi ya tope. Mama Daftari anautazama mto, kisha shati, kisha mto. Midomo yake inacheza bila sauti.

Mratibu anatoa kalamu mfukoni.

“Sikuandika uongo,” anasema Mama Daftari, karibu kwa kunong’ona. “Asubuhi nilimwona hapa kwa macho yangu.”

Analichukua shati, analikunja vizuri na kulikumbatia pamoja na daftari. Wanarudi kwa njia ile ile.

Uwanjani foleni imeongezeka. Katikati yake, kifua wazi, tope mpaka shingoni na fremu mbili za matofali kichwani, amesimama mfyatua matofali. Alisikia honi ya lori akakata kupitia njia ya shuleni.

Mama Daftari anasimama ghafla. Anamtazama kwa muda mrefu, kisha anamtupia shati usoni.

“Wewe Marehemu utaniua,” anamwambia.

“Dada yangu, nipo,” anajibu yule, akilitoa shati machoni. “Mara ya kwanza walinikosa. Leo ningechelewa, ningemwambia nini mama mkwe?”

Foleni inacheka. Mama mkwe mwenyewe, aliyeketi juu ya ndoo, anageuza uso pembeni ili asionekane akicheka.

Mratibu anafungua daftari kwenye jina la tatu na kumpa Mama Daftari kalamu. Anamuuliza sasa angeandika nini. Mama Daftari anakata neno ‘bondeni’ kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake anaandika taratibu, herufi moja moja, kama walivyomfundisha jioni zile: ‘Foleni, bila shati.’

Mratibu anasoma, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka mpaka anashika meza. Kisha anaweka sahihi chini ya ukurasa na kuwaambia vijana wa lori wafungue turubai. Kaya kumi na moja zitaanza.

Wakati magunia yanashushwa, Mama Daftari anazungumzia mvua nyingine, ambazo anajua zitakuja. Anataka kila kaya iandike mapema itakimbilia wapi, nani atambeba mgonjwa na nani atahesabu watoto. Anataka pia nyumba yenye vyumba viwili juu ya kilima, kimoja cha kulala na kingine cha meza. “Nimechoka kuandikia juu ya ndoo,” anasema.

Kabla ya gunia la kwanza kutolewa, mratibu ana ombi moja. Anasema atalitetea daftari hilo ofisini, lakini anataka neno lake mbele ya watu wote, ili akiulizwa awe na la kujibu.

Mama Daftari anapanda ngazi ya kanisa. Ananyoosha kitenge. Foleni inasogea karibu.

“Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu,” anasema. “Sitafuta jina la mtu kwa kuambiwa. Nikiambiwa hayupo, nitauliza yuko wapi, nitavaa viatu vyangu na nitakwenda mwenyewe.”

Watu wanaitikia amina. Mfyatua matofali, akifunga kifungo cha mwisho cha shati, anainua mkono kutoka kwenye foleni.

“Na mimi naahidi, dada,” anasema. “Nyote ni mashahidi. Siku nikiondoka kweli, nitapita kwako kwanza kuaga.”